Mama Katika Wakati Uliopita

Katika shule ya masista, dini na Kiingereza vilifundishwa na mtu mmoja, katika chumba kimoja, kwa kalamu moja nyekundu. Asubuhi ubao ulijaa vitenzi. Baada ya mapumziko vitenzi vilifutwa, lakini kifutio chenyewe kilikuwa kitambaa kikuukuu kilichochoka kuliko chaki, basi ungeziona amri za Mungu zimeandikwa juu na mikia ya vitenzi inachungulia chini yake. Mwalimu huyo wasichana walimwita Sista Wino. Alijua wanamwita hivyo na hakununa. Alisema afadhali wino kuliko majina waliyopewa wenzake.

Msichana wa dawati la tatu, upande wa dirishani, yeye aliitwa Sasa. Jina hilo alilipata kidato cha kwanza, wiki ya nne. Waliambiwa waandike habari za mzazi mmoja, aya mbili tu. Sista Wino alipokuja kuyarudisha madaftari alibaki na moja mkononi.

"Huyu ameandika, mama yangu anapenda kuimba akianika nguo," alisema. "Anapenda. Anaimba. Anacheka. Kila kitu sasa, sasa, sasa. Wewe binti, fomu yako inasema mama yako alifariki. Ndivyo?"

"Ndiyo, Sista."

"Pole, mwanangu. Lakini Kiingereza hakijui pole. Aliyefariki, vitenzi vyake vyote vinarudi nyuma naye. Alipenda. Aliimba. Alicheka. Mungu anaweza kumfufua mtu, sarufi haiwezi. Umeelewa, Bi Sasa?"

Darasa lilicheka, naye akacheka nao, maana mgeni asiyecheka huandamwa. Kufika saa ya chakula hakuna tena aliyemwita kwa jina la ubatizo. Jioni alilifungua daftari akahesabu alama nyekundu. Zilikuwa kumi na moja. Kila mahali mama yake alipokuwa anavuta pumzi palikuwa pamekatwa.

Na mama yake alikuwa hai. Saa ileile alikuwa ameinama kwenye karo la nyumba ya wageni, nyuma ya stendi ya mabasi, anasugua shuka za watu ambao hata sura zao hajawahi kuziona.

Mambo yalianza hivi. Masista walikuwa na nafasi sita kila mwaka za wasichana waliofiwa na wazazi wote wawili. Kulala, kula, sare, vitabu, yote juu yao mpaka mtihani wa kidato cha nne. Baba yake Sasa alikuwa amekufa kweli. Ukuta alioujenga mwenyewe ulimwangukia kabla mtoto hajaota meno. Upande wa mama ndio ulikuwa na kasoro, maana mama alikuwa bado anatembea. Katekista wa mtaa alipoileta fomu alimkuta anapiga pasi.

"Dada, hii ni ya waliobaki bila baba wala mama," alisema katekista. "Na wewe upo."

"Nipo kidogo tu. Andika nimekufa."

Katekista aliutazama mlango. "Unataka nimdanganye askofu?"

"Askofu hanijui. Andika mama mtu alifariki, anayemlea mtoto ni mama yake mdogo. Mimi nitakuwa mama mdogo. Nitazame nilivyo mwembamba, jina lenyewe limenikaa kama limeshonwa kwa kipimo changu."

"Hiyo ni dhambi, dada."

"Kwani mama mdogo si mama? Nani mtaani hapa asiyemwita mama mdogo wake mama? Mimi nimejishusha cheo tu. Siku hizi mtu kujishusha nako ni dhambi?"

Katekista alikuwa mtu mpole, na wapole ndio huponzwa na mambo kama haya. Aliandika, na neno "marehemu" likatoka kama limechorwa na kuku. Tangu siku hiyo wakikutana njiani alikuwa anavitazama viatu vyake.

Jina la ubatizo la mama lilikwenda kwenye mstari wa marehemu. Kwenye mstari wa mlezi mama aliandikisha jina la utotoni, lile alilokuwa akiitwa na bibi mzaa mama. Kwa masista basi kulikuwa na wanawake wawili, mmoja kaburini na mmoja mlezi. Kwenye karo ilikuwa mikono miwili ileile.

Jioni hiyo, wakikunja shuka, huyu ameshika ncha hizi na huyu ncha zile, mama akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nilimzika asubuhi, mchana nikala naye."

Sasa aliwaza. "Sijui."

"Nipe mji."

Kwa kawaida alimpa mji wowote uliomjia kichwani. Siku hiyo alisema, "Nakupa shule ya masista."

Mama aliivuta shuka, wakasogeleana. "Shule ya masista nilikwenda, mlinzi nikamwamkia, chakula nikala, kitanda nikapewa, mtoto wangu nikamwacha huko anasoma. Niliyemzika ni mimi." Akacheka mpaka shuka ikamponyoka, ikabidi ifuliwe tena.

*

Kwenye Kiingereza Sasa alijifunza upesi. Kabla ya kuandika mama, alinyanyua kalamu, akahesabu moja mbili, halafu akamrudisha nyuma. Alama nyekundu zikapungua, kumi na moja zikawa tano, tano zikawa mbili. Lakini daima ilibaki moja. Alikuwa akifika katikati ya sentensi, akaisahau fomu, akaandika mama ananipigia pasi sare yangu. Sista Wino alikuwa akimtikisia kichwa. "Bi Sasa, wewe unakataa nini hasa?"

Kwenye dini kalamu haikumgusa, ila ndiko kulikokuwa na moto. Amri ya nne, waheshimu baba na mama. Amri ya nane, usiseme uongo. Sista Wino alikuwa akiuliza mifano, na mikono ya wasichana ilikuwa ikichipuka kama uyoga. Sasa alitoa mifano ya watu wengine, wanaopunja kwenye mizani, wanaokana jirani zao. Alipata alama nzuri za dini. Kwa ule uongo wenyewe, alikwenda kuungama mara moja, kidato cha pili.

"Je, unaweza kuuacha leo?" padri alimuuliza nyuma ya kiwavu cha chumba cha maungamo.

"Siwezi, Padri. Nikiuacha narudi nyumbani."

Padri aliinama karibu na kiwavu. "Rudi siku utakayoweza," alisema. "Mimi nitakuombea."

Hakurudi. Jumapili wenzake walipopanga foleni kwenda kupokea komunyo, alipanga nao, maana angebaki kwenye benchi peke yake wangeuliza. Akameza, na juu ya uongo ule akaongeza na hilo.

Lakini kilichomkaa rohoni kuliko vyote ni bahasha. Mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa marehemu, na kila msichana alipewa kikaratasi aandike majina ya wafu wake. Vikaratasi vilitiwa kwenye bahasha kubwa, bahasha ikawekwa altareni, na mwezi mzima kwenye misa ya alfajiri padri aliyasoma majina. Mwaka wa kwanza Sasa aliandika la baba peke yake. Sista Wino, ambaye hata cheti cha dawa alikuwa anakisoma na kalamu mkononi, alimrudishia.

"Umemsahau mama yako."

"Sikumsahau, Sista."

"Basi kwa nini unamnyima misa?"

Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake wanangoja. Sasa aliandika. Jina la ubatizo la mama, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote. Asubuhi iliyofuata padri alilisoma katikati ya majina ya wengine, akasema wapumzike kwa amani, na wasichana mia mbili wakaitikia amina. Naye midomo ilichezacheza. Asubuhi thelathini. Mwaka wa pili, thelathini. Mwaka wa tatu, thelathini. Mara tisini aliitikia amina juu ya mtu aliyekuwa karoni akisugua shuka.

Na baada ya ule mwaka wa tatu, mama akaanza kukohoa.

*

Jumapili ya kutembelewa, mwezi wa pili, kidato cha nne. Wazazi na walezi waliketi na watoto wao kwenye mabenchi ya baraza la ukumbi. Mama alifika na mkate, mche wa sabuni na kilemba kilichofungwa vizuri kupita kawaida.

"Shikamoo, mama," Sasa alinong'ona.

"Mama nani? Mimi mama mdogo. Na safari hii ni mdogo kweli, hebu ona." Alilishika gauni kiunoni, akakusanya kitambaa kikajaa ngumi.

"Unakula?"

"Nakula. Sijui chakula kinaondokea wapi, hakiniagi."

"Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda. Wamenipa karatasi niende hospitali nyingine. Nako watanipa karatasi. Nitakuwa na daftari zima kama wewe." Akakohoa ndani ya kiganja, akakifunga kile kiganja kama mtu aliyekamata mdudu. "Kitendawili."

"Mama, sitaki."

"Kitendawili, nimesema."

"Tega."

"Mgeni wangu hulala majini, huamka upeponi, hupita motoni, na bado usiku anakwenda kulala na mtu asiyemjua."

Sasa alijikuta anatabasamu. "Shuka."

"Shuka. Akili ipo. Basi chakula chao hakipotei bure."

Sista Wino alipita, rozari kiunoni, na kalamu kama kawaida. Siku za wageni alizungumza Kiswahili. Mama alisimama.

"Kaa, kaa, mama," alisema Sista. "Umemlea vizuri mtoto wa dada yako."

"Tunashukuru, Sista. Marehemu angefurahi."

"Mnafanana sana."

"Damu moja, Sista. Mimi na marehemu hata watu walikuwa wanatuchanganya."

Sista Wino alicheka, akamgusa Sasa bega. "Huyu tatizo lake ni moja. Hataki kuamini kwamba mama yake ni wa wakati uliopita. Mwambie, labda wewe atakusikia."

"Nitamwambia," alisema mama.

Sista alikwenda kwa wageni wengine. Mama alikuwa anaukata mkate vipande kwa vidole, vidole vilivyobabuka kwa sabuni na kuwa vyeupe kwenye ncha.

"Nataka kumwambia," alisema Sasa.

"Umwambie nini?"

"Kwamba upo."

"Halafu?"

Sasa aliokota makombo ya mkate kwenye benchi.

"Halafu nije nikuchukue na sanduku lako, tupande basi, na kesho yake pale karoni iwe mikono minne badala ya miwili. Miaka mitatu mimi ni marehemu ili wewe usiiguse sabuni ile. Imebaki miezi minane mtihani uje. Usinifufue kwa miezi minane, mwanangu. Utakuwa umenipotezea kifo changu."

"Jina lako linasomwa kwenye misa ya wafu. Kila mwaka. Naliandika mimi, kwa mkono wangu."

"Misa zote hizo, na mimi bado napumua? Nitakuwa nimejiwekea akiba." Alicheka, lakini vidole vilikuwa vimeacha kukata mkate. Kisha akamsogelea karibu na sikio. "Na siku nikiondoka kweli, unisikilize. Ukilia, lia kama mpwa."

"Mpwa analiaje?"

"Kwa adabu. Anafuta machozi mapema, anasaidia kuandaa chai." Kengele ya kufunga siku ya wageni ililia. Mama alikitengeneza kilemba chake, akaondoka bila kugeuka nyuma, kwa hatua za mtu anayehesabu pumzi.

*

Alikufa mwezi wa sita, siku ya Jumatano, kwenye hospitali ya tatu, karatasi zote zikiwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya mto. Habari iliingia shuleni kwa simu ya katekista. Mkuu wa shule alimwita Sasa ofisini, akamkalisha, akamwambia kwa upole kwamba mama yake mdogo amefariki.

Ukutani nyuma ya mkuu kulikuwa na karatasi ya kanuni, na Sasa aliisoma huku anaambiwa pole. Kufiwa na baba au mama, ruhusa siku saba. Kufiwa na ndugu mwingine, asubuhi mpaka jioni.

"Utakwenda kesho," alisema mkuu. "Sista wa Kiingereza atakusindikiza na gari la shule. Jioni mtarudi, maana Ijumaa mna jaribio."

Alitoka humo akapita uwanja, akapita bomba la maji, na miguu yenyewe ikampeleka darasani. Sista Wino alikuwa peke yake, anafuta ubao. Kwenye jengo la madarasa ilikuwa lazima kusema Kiingereza, hata ungekuwa unaungua. Sasa alisimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza aliipata sentensi nzima, hakuna kilichopinda.

"Sista, mama yangu amekufa," alisema kwa Kiingereza. "Mama yangu mwenyewe."

Sista Wino aliweka kitambaa chini. Alimjia akamshika mikono yote miwili, na viganja vyake vilikuwa na vumbi la chaki.

"Najua, mwanangu," alisema. "Najua. Ni siku nyingi sasa. Mtu akifiwa upya, wale wa zamani nao wanamfia upya. Mimi nilipompoteza kaka yangu, nilimlilia baba."

"Siyo wa zamani, Sista."

"Haiwi ya zamani kamwe. Nakuelewa."

Sasa alifungua mdomo. Mezani palikuwa na orodha ya watahiniwa wa mwaka ule, jina lake namba thelathini na mbili, na pembeni yake alama ya wale yatima sita. Ukweli alikuwa ameusema. Ulitoka mzima, ukasikiwa, na haukumgusa mtu, kwa sababu shule ilikuwa imeupokea zamani na kuutia kwenye jalada. Kuna uongo unaoweza kukanushwa. Huu sasa ulikuwa kweli, nani angeukanusha?

"Asante, Sista," alisema.

*

Walifika saa nne. Uani palijaa viti vya kuazima, na jirani yao mmoja, mshona viraka, alimkimbilia akamkumbatia hata viatu vikataka kumvuka.

"Mwanangu, mama katuacha. Mama yako katuacha, mwanangu."

"Mama yako alikuwa anakutaja wewe tu," alisema mwingine.

"Ulivyofanana na mama yako," alisema wa tatu, na kulia.

Sasa alimtazama Sista Wino. Sista alikuwa anapokea pole zake kwa heshima, kichwa kimeinama. Baadaye alimsikia anamweleza dereva kwa sauti ya chini, "Unasikia? Mama mdogo wanamwita mama, bila kutofautisha. Ndiyo maana watoto wananishinda kwenye insha."

Dereva akaitikia kwamba hata kwao ni hivyohivyo.

Sasa alifuta machozi mapema. Alisaidia kuandaa chai. Jirani alimpokonya birika mara mbili, akamwambia akae na wafiwa, na mara mbili alilichukua tena. Wanawake walitazamana.

Makaburini katekista ndiye aliyeongoza sala, kwa kuwa padri alikuwa parokia nyingine. Miaka ilikuwa imempinda kidogo. Alisoma wasifu kutoka kwenye karatasi, kwa lile jina la utotoni tu, na alipofika mahali pa kusema ameacha nani, akainua macho, akaiona shela nyeupe ya sista katikati ya vilemba, akaikunja karatasi.

"Marehemu ameacha," alisema. Akakohoa. "Ameacha familia."

Jeneza liliposhushwa, alishika koleo. Utaratibu unajulikana. Wa kwanza kutia udongo ni watoto, ndipo ndugu, ndipo majirani.

"Watoto wa marehemu," aliita katekista, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Hakuna aliyesogea. Jirani alimsukuma Sasa mgongoni, polepole. "Nenda, mama. Wewe ndiye."

Sista Wino alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mbele palikuwa na udongo mwekundu, umechimbuliwa asubuhi, bado una unyevu. Ilikuwa hatua nne. Sasa alizihesabu. Hatua nne, kisha sanduku, kisha basi, kisha karo. Akasikia kwenye sikio, karibu kabisa, yale maneno ya mama kuhusu kupotezewa kifo.

"Nenda," alisema jirani tena, sasa kwa hofu.

"Watoto wa marehemu," katekista alirudia, na safari hii aliinua macho akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne. Machoni mwake hapakuwa na amri wala ombi, ila mtu anayezama akimtazama mwenzake anayezama.

Sasa alibaki pale pale.

"Kama hawapo," alisema katekista taratibu, "basi ndugu."

Minong'ono ilipita nyuma yake kama upepo kwenye majani makavu. Ndugu walikuwa wachache, binamu wawili wa marehemu na mzee mmoja wa ukoo wa baba. Sasa alisogea nao, wa nne katika foleni, akachukua udongo kwa mkono, akautupa. Ulisikika mdogo sana. Aliporudi kwenye nafasi yake, jirani alikuwa amesogea upande wa pili. "Shule imemmeza," alimwambia mwenzake, wala hakushusha sauti. "Mtu anamkana mama yake mbele ya kaburi. Kiingereza hicho."

Saa kumi gari liliondoka. Sista Wino alisali rozari njia nzima, na Sasa alikuwa anaitikia. Kufika salamu ya arobaini aligundua kwamba chini ya kucha kulikuwa na udongo, akakunja vidole ili usitoke. Lakini kabla ya chakula cha jioni kengele ya kunawa ililia, na matroni alikuwa amesimama bombani anakagua mikono.

*

Wiki iliyofuata Sista Wino aliwapa insha. Mtu niliyempenda, kurasa mbili, wakati uliopita. Wengine waliguna. Sasa hakuguna. Aliandika bila kunyanyua kalamu, bila kuhesabu moja mbili. Alikuwa anaimba akianika, alikuwa anacheka mpaka shuka inamponyoka, alitega vitendawili, aliondoka barazani bila kugeuka. Vitenzi vilikwenda nyuma vyenyewe, kama kondoo waliokwisha kuijua njia ya zizi. Kwenye ukurasa wa pili aliandika kitendawili cha mwisho, kile ambacho mama hakukitega. Niliitwa wa kwanza, nikatupa udongo wa nne. Hakuandika jibu.

Ijumaa Sista aliyarudisha madaftari. Alipofika dawati la tatu alisimama, na darasa likanyamaza kusikia utani.

"Leo sina utani," alisema Sista Wino. "Miaka minne nimemngoja binti huyu. Kurasa mbili, hakuna kitenzi hata kimoja kilichokosewa. Bi Sasa, itabidi tukutafutie jina jipya." Macho yake yalikuwa na maji kidogo. Aliliweka daftari mezani kama mtu anayetoa zawadi. "Limebaki neno moja tu. Hilo ni la lugha yetu, si kosa lako, lakini msahihishaji wa mtihani hatalielewa. Lirekebishe."

Sasa alifungua. Ni kweli, vitenzi vyote vilikuwa safi, ukurasa umekaa kama shuka iliyopigwa pasi. Neno moja tu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu kila lilipotokea, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mara kumi na nne. Kila aliposema mama, Sista alikuwa amelikata, na juu yake, kwa mwandiko mdogo na wa upendo, ameandika anti. Kando ya kitendawili aliweka alama ya kuuliza.

Kanuni ya masahihisho ilikuwa ya tangu kidato cha kwanza. Kila kosa liandikwe upya kwa usahihi, mara tatu, kabla ya kengele.

Aligeuza ukurasa. Alipiga mstari wa pembeni kwa rula, akaandika tarehe, akaandika kichwa, Masahihisho. Nje wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wanakwenda kanisani kwa mistari miwili. Sasa aliinamia daftari kama mtu anayeinamia karo, akaanza kuandika. Anti. Anti. Anti. Alipofika la arobaini na mbili alihesabu tena tangu juu, kwa ncha ya kalamu, ahakikishe hakuna aliyemruka.